Shanga za Sendofu ya Nyanzala

Jumatatu, 14 Julai
Mimi, Felisiani, fundi simu wa Majengo, kuanzia leo ni fundi shanga. Sababu ni jirani yangu Josephina. Jana kawagawia wanakwaya wote shanga za kioo alizotengeneza mwenyewe. Bure! Kanisa zima likapiga makofi. Mimi nimefufua simu za nusu ya kanisa lile, na nilichowahi kupata ni kofi moja, kwa kufuta picha za harusi.

Nimemchungulia juu ya ukuta. Kazi rahisi. Anayeyusha kipande cha chupa kwenye moto wa gesi, anakizungushia kwenye spoku ya baiskeli, basi. Kuna udongo anaopaka spoku kwanza, na majivu ya moto anamozifukia shanga baadaye zipoe taratibu. Mbwembwe tu.

Jumanne, 15 Julai
Mzee Mwandu kaleta simu yake. Jumamosi ni sendofu ya bintiye Nyanzala, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na alikuwa njiani kwa Josephina kuulizia shanga arobaini za bluu. Nikamzuia mlangoni. Nikamwambia Josephina ni mwanafunzi wangu, kazi aniachie mwalimu. Mdomo huu! Mzee kafurahi, kasema nitakaa meza kuu na kutambulishwa kwa jina.

Mke wangu Scolastica alisikia yote. Akauliza nimemfundisha Josephina lini. Nikamjibu mafundisho mengine hayaonekani kwa macho.

Jumatano, 16 Julai
Mpanda nzima hakuna chupa ya bluu. Nimevunja jagi la Scolastica, zawadi ya harusi yetu. Ndoa yetu imeshasimama, acha jagi lisaidie ya wenzetu. Tochi ya gesi nimeazima kwa fundi friji.

Scolastica kaona vipande. Hasemi na mimi.

Alhamisi, 17 Julai
Shanga kumi na moja! Za duara, zinang'aa kama macho ya paka.

Hazitoki kwenye spoku. Nimevuta kwa plaizi. Plaizi imeachia, mimi nikaangukia karai. Sasa nina mishikaki kumi na moja ya kioo.

Mchana nikapaka spoku mafuta ya kula ili ziteleze. Yakashika moto. Nusu ya sharubu imekwenda. Scolastica kavunja kimya chake ili acheke.

Ijumaa, 18 Julai
Nimepaka udongo. Si kwamba nimeiga. Hata mimi ningefikia huko. Shanga ishirini. Muda hakuna, nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji zipoe haraka. Ta! Ta! Ta! Ndoo imejaa chenga. Imepona moja tu, iliyodondokea kwenye majivu ya jiko. Bahati. Imepinda kama jino la mbuzi.

Nilikuwa napanga kuugua malaria hadi Jumatatu, Josephina akabisha hodi. Habari zimemfikia, kwamba eti ni mwanafunzi wangu. Nikajiandaa kutukanwa. Akaitazama ndoo, akautazama mdomo wangu wenye sharubu upande mmoja, akacheka mpaka akakaa chini.

“Kaka Felisiani,” akasema, “Nyanzala aliniagiza mwenyewe mwezi uliopita. Nimeshamaliza. Mzee Mwandu alikuwa anakuja kuuliza tu kama ziko tayari.”

Nikatazama chini. Mimi!

Akaiokota ile moja, akaigeuzageuza juani. Akasema ataitunga katikati, maana jagi la Scolastica halistahili kufa bure.

Jumamosi, 19 Julai
Meza kuu! MC kanitambulisha kama mwalimu wa Josephina. Josephina mwenyewe kasimama, kapiga makofi kuliko wote. Nikaona aibu. Nikashika maiki niseme ukweli, lakini vigelegele vikanizidi, nikainama tu kushukuru.

Nyanzala kapendeza. Bibi yake, aliyetoka Ugalla kwa ajili ya siku hii, alizipita thelathini na tisa zilizonyooka, akaishika ile iliyopinda. Akasema hii ndiyo inaonekana imetengenezwa na mtu. Scolastica akanifinya chini ya meza, kwa upendo nadhani.

Jumapili, 20 Julai
Baada ya misa Josephina kanikaribisha kwake kesho. Atanifundisha tangu mwanzo, bure, pole pole, hatua kwa hatua. Mwanamke mwema kweli.

Nimemshukuru, nikamwambia haiwezekani. Kesho nafundisha. Wanawake saba wa Sitalike wameshajiandikisha.