Chama cha Waliofilisika Kikuyu

Jumatatu, 2 Februari

Baba hawezi kufilisika. Hana hela ya kutosha.

Wakili ndiye aliyemwambia. Ukitaka mahakama itangaze umefilisika, ili wadai wasikuvamie mmoja mmoja, unalipa kwanza amana ya gharama za kesi na za mfilisi, yule anayekusanya mali na kuwagawia wadai. Baba alicheka njia nzima hadi nyumbani, mtaani kwetu Kikuyu. Mama hakucheka.

Tumebaki na mashine ya kukamua alizeti tu, imefunikwa turubai. Mzee Nurdini wa Chemba, aliyetukopesha mbegu misimu miwili, amekubali kwa mdomo kusubiri hadi mavuno ya Juni. Mashine ikichukuliwa, tunarudi kijijini kulima, na mimi shule ndiyo basi.

Lakini leo Mwalimu Anthony wa uraia katusomea gazeti. Kuna muswada bungeni! Gharama za kesi za kufilisika zitatoka kwenye mfuko wa serikali, na kesi ndogo zitasimamiwa na ofisa wilayani. Kamati inapokea maoni ya wadau hadi Ijumaa. Wadau! Baba ni mdau kabisa.

Jumanne, 3 Februari

Brightness, ninayekaa naye dawati moja, mama yake anafanya kazi ofisi za Bunge. Kwa hiyo anaongea kama Spika. Kasema kamati haisikilizi mtu mmoja, inataka chama chenye orodha ya wanachama na sahihi. Inauma, lakini ni kweli.

Nimeanzisha chama. Mwenyekiti: Baba. Sijamwambia, ana huzuni zake. Katibu: mimi. Brightness alitaka ukatibu, nikampa nafasi ya mjumbe. Kanuna, ila kakubali mama yake atufikishie barua.

Jumatano, 4 Februari

Nimepiga mistari kwa rula. Namba, jina, simu, sahihi. Nikapita duka kwa duka na shikamoo zangu. Muuza nyama alikataa. Halfani, fundi cherehani, aliuliza kama hayo ni majina ya posho. Sikusema ndiyo. Hapana nayo sikusema.

Baada ya hapo kalamu haikupumzika. Watu ishirini na watatu, watatu kati yao mara mbili. Yotham, fundi wa kuchomelea, kamleta na mama mkwe wake. Hakuna aliyesoma kichwa cha habari, ingawa niliandika kwa herufi kubwa: SISI TULIOFILISIKA.

Alhamisi, 5 Februari

Barua bila muhuri si barua. Nimeenda kwa mtendaji wa mtaa, kagonga muhuri, kaniomba nakala moja. Nimempa kwa furaha. Barua yenyewe imekwenda na mama Brightness.

Ijumaa, 6 Februari

Mtendaji kaibandika nakala kwenye ubao wa matangazo. Anasema kila chenye muhuri wake hubandikwa.

Hadi saa sita, muuza vitambaa alikuwa amekataa kumkopesha Halfani hata uzi. Ukweni kwa Yotham wameitisha kikao. Nimetoka shule nikawakuta wote uani kwetu.

"Mwenyekiti," Halfani akamwambia Baba, "posho yetu iko wapi? Au nayo imefilisika?"

Baba akauliza, mwenyekiti wa nini. Wakamwonyesha picha ya ile nakala kwenye simu. Aliisoma yote, pole pole, hadi jina la katibu.

Jumamosi, 7 Februari

Mzee Nurdini kaja na lori. Kumbe picha imefika hadi Chemba. Alikunywa chai, akamjulia Mama hali, kisha akamgeukia Baba.

"Castory, mimi nilikubali kumsubiri mtu anayejikongoja. Sikukubali kumsubiri mwenyekiti."

Baba alivua turubai mwenyewe. Watu wanne waliinua mashine. Walipoondoka, Mama alifagia mashudu yaliyobaki sakafuni, akafagia tena palipokuwa pasafi. Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimekula. Afadhali angenichapa.

Jumanne, 10 Februari

Mama kaanza kufunga vyombo kwenye viroba. Halfani hajibu shikamoo yangu.

Ijumaa, 13 Februari

Muswada umepita! Brightness kaniletea nakala, na uso wa kunionea huruma. Mfuko upo. Amana imefutwa kwa wadeni wadogo. Baba sasa anaweza kufilisika bure.

Na kuna kifungu kizuri kuliko vyote, nimekisoma mara nne. Mali aliyokabidhiwa mdai mmoja muda mfupi kabla ya kufilisika, mfilisi anaweza kuirudisha igawiwe kwa wadai wote. Mashine yetu! Sheria itaanza kutumika mwezi wa nne, tarehe moja.

Nimemweleza Baba, kasema niache. Mama kasema kalamu zangu zitafungwa na vyombo.

Lakini haki ni kumjulisha kila mhusika. Nimemwandikia Mzee Nurdini barua ya heshima, nikamnakilia kifungu chote, nikamtajia na tarehe, na kumsihi asije akaiuza mashine kabla ya siku hiyo.

Nimeipeleka kwenye basi la kwanza la Chemba, ili aipate mapema.