Kadi ya Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Mimi na bahati ni chanda na pete! Kampuni yetu ina miezi saba, watu watatu, feni moja, na tayari tumepata zahanati ya kuitengenezea mfumo wa kompyuta. Imejileta yenyewe! Shangazi yangu ni mkunga pale. Kawaapia wenzake kwamba mtoto wa kaka yake hana mzaha na kazi.
Kazi yangu: ukutani kushoto, kadi za mahitaji ya wakunga. Kulia, mchoro wa mfumo: visanduku, kila kimoja sehemu yake moja. Kila kadi niifunge uzi hadi kisanduku kitakachoibeba. Kusuka tu!

Jumanne, 4 Machi
Kadi ishirini na tisa tayari. Moja imegoma. Ya kumi na nne, ya Shangazi mwenyewe: mtandao ukikatika, mfumo uendelee kufanya kazi. Kisanduku cha kazi hiyo hakuna. Fundi, dada anayechora mfumo, alishasema kadi ikikosa pa kwenda nimwite. Nimwite? Anicheke tena kwamba chuo niliishia getini? Funika kombe! Uzi nikaufunga kwenye "Ripoti". Ukuta ukapendeza, wallahi.

Ijumaa, 28 Machi
Siku ya majaribio, zahanati. Mama mjamzito kafika na uchungu, presha juu. Mtandao ukakatika. Skrini nyeupe kama sanda! Shangazi alitaka kuona dawa zinazomdhuru yule mama. Akakimbilia kupekua madaftari ya zamani, jasho likimtoka. Mwenzake akamuuliza kama mimi ndiye yule asiye na mzaha. Mama na mtoto wazima, namshukuru Mungu. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu kwamba aliniomba kitu kimoja. Heri angenizaba kofi.

Jumatatu, 31 Machi
Zahanati imetukataa. Shangazi hapokei simu. Nimepiga mara tisa. Fundi kaufuata uzi kwa kidole, kutoka kadi ya kumi na nne hadi "Ripoti". Kisha akasema siku nilipoufunga mchoro ulikuwa bado wa penseli. Ningemwita, ingekuwa kazi ya asubuhi moja.

Alhamisi, 3 Aprili
Mteja mpya, duka la dawa! Kadi tatu hazina pa kwenda. Fundi katoka kula. Nimechora kisanduku kikubwa, nikakiandika "Mengineyo", nikazifunga zote humo. Ukuta safi!
Nimempigia Shangazi tena. Haikupokelewa.
Ile bahati niliyojigamba nayo ni uongo. Sikuwahi kuwa nayo. Nilikuwa na shangazi.