Mgomo wa Kutosikia

Jumatatu, Machi 3
Historia imenikabidhi mtaa huu. Wanajeshi wameondoka kambini. Yamebaki mabohari, matangi ya mafuta yaliyofukiwa, na ofisi ya kusafisha ardhi inayowaita wakazi mkutanoni ili "wafahamishwe". Kufahamishwa! Kana kwamba sisi ni chekechea. Mwenyekiti wa wakazi ni kinyozi. Mimi nina shahada karibu nzima ya siasa. Yeye ana mashine ya kunyolea. Kiti kile ni changu. Nimeamua: mkutano wa keshokutwa utasusiwa.

Jumanne, Machi 4
Nimehutubia kisimani kwa shangazi, unakoteka maji mtaa mzima, bega kwa bega na uzio wa kambi. Nikasema: wakituita, tusiende, wakinena, tusisadiki, wakitutisha kwa habari za sumu, tujue wanavitaka viwanja vyetu. Makofi. Shangazi akafuta machozi, akasema laiti marehemu kaka yake angenisikia. Kinyozi alikuwa akipita. Akauliza kama Kamanda, ndivyo anavyoniita kwa kejeli, amewahi kuhudhuria hata mkutano mmoja. Nikamwambia kibaraka hajibiwi. Akasema nimeshamjibu.

Jumatano, Machi 5
Ushindi. Nilichungulia dirishani mwa ukumbi: viti vitupu, na mhandisi wa kike akimhutubia kinyozi peke yake kwa kipaza sauti.
Alasiri kinyozi akapita nyumba kwa nyumba. Eti tangi moja linavuja kuelekea visima vya uzioni. Maji yasinywewe hata yakichemshwa. Hakuna aliyemsadiki. Walimrudishia maneno yangu, neno kwa neno. Sijapata kunukuliwa na umma kabla ya leo. Utamu wake hauelezeki.

Alhamisi, Machi 6
Chai ya asubuhi ilinuka mafuta ya taa. Nikajiambia ni jiko. Kisha nikamwona binamu, binti wa shangazi, akimkorogea mwanawe mchanga maziwa ya unga. Kwa maji ya kisima. Akasema tumbo la mtoto limechafuka tangu jana. Nikainusa chupa. Harufu ile ile.
Nikapendekeza, kwa utulivu wa kitaaluma, kwamba katika kipindi hiki cha mpito tuteke maji kwingine. Shangazi akauliza nani amenitisha. Nikasema hakuna. Akasema basi mapambano yaendelee, akajaza kikombe, akakinywa chote huku akinikazia macho kama anayekula kiapo.

Ijumaa, Machi 7
Nimetangaza kisimani kwamba jopo langu la utafiti limegundua kasoro katika maji. Wakauliza jopo ni akina nani. Sikuwa nimewaza mbali hivyo. Fundi cherehani akasema hata huyu wamemnunua, tena mapema, bei yake haijapanda. Kicheko. Wakaendelea kuteka.
Adhuhuri macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Hakulia tena. Nikapiga teke ndoo. Shangazi akanipiga kwa kata. Nikakimbilia kwa kinyozi, nikitarajia dhihaka. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Akamwacha mteja na nusu ya kichwa, akachukua kufuli la duka, akafunga mpini wa pampu ya kisima mbele ya wote. Akamwambia shangazi: dada yangu, matusi yako niwekee, kwanza mtoto afike hospitali. Shangazi akamtazama mjukuu. Akaenda.

Jumapili, Machi 9
Mtoto amerudishwa. Ananyonya, analia hadi mtaa wa pili. Daktari alisema tungechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea mengine. Ofisi imeleta lori la maji safi. Shangazi hasemi nami. Ananinyooshea kidole, kisha anaelekeza ndoo. Nabeba.

Jumatatu, Machi 10
Nimetafakari kwa kina. Lori lile limekuja kwa nini? Kwa sababu tulisusia. Shinikizo la umma limezaa matunda! Dosari ilikuwa moja tu: mgomo haukutimia, kwa kuwa kinyozi alihudhuria akaleta taharuki.
Ofisi imeitisha mkutano mwingine Jumamosi. Eti mhandisi ataonyesha mahali palipofukiwa mabomu ambayo hayajalipuka. Vitisho vile vile. Safari hii mlango wa ukumbi nitautia kufuli mwenyewe. Hata kinyozi hataingia. Na saa ile ile tutafanya mkutano wetu mbadala. Mahali nimeshapata: ule uwanja mpana nyuma ya mabohari. Unatosha umma wote, nyasi zake ni ndefu na hazijakanyagwa, na sijui kwa nini hakuna aliyepata kuutumia.