Mwaliko Uliolala Kwenye Kompyuta

Leo nimejianika mbele ya wazee wa Kajiado, mchana kweupe, nikiwa nimeshika rungu. Kaeni chini niwaeleze. Wa kucheka acheke sasa, baadaye sitaki kusikia mtu.

Mnajua mimi niko kwa ofisi ya mawe hapa Kitengela. Tunachimba, tunapasua, tunauza kokoto. Mwenye kampuni ni Mzee Lemayian, Mmaasai mrefu asiyependa maneno mengi. Nami bado niko kwenye majaribio ya kazi, na majaribio yenyewe yanaisha mwezi huu. Juzi akaniita.

"Mwende, hiyo email imejaa. Wateja wanaandika, inawarudia. Toa za zamani uziweke mahali, lakini isipotee hata moja. Hiyo ndio historia ya kampuni."

"Sawa mzee."

"Ikipotea, na wewe utafute mahali pa kupotelea."

Kwa hivyo leo Jumamosi, kazi yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye hizo barua pepe.

Nikafika ofisini asubuhi, nikachomeka diski mpya, nikafungua barua za tangu kampuni ianze. Nilidhani nitakuta takataka. Nikakuta mji! Ile shule ya ghorofa nyuma ya soko, kuna mtu aliandika akiulizia mawe ya msingi. Kanisa ninamoimba kwaya, pasta alibembeleza aongezewe lori la kokoto kabla mvua haijaanza. Hata ploti ninapokodi chumba (yenye bomba linalovuja) imo humo, na mwenye nyumba wangu analalamika kwamba mawe yana vumbi. Alitarajia mawe yaje yameogeshwa?

Nilipigwa na butwaa. Nilikuwa nikiangalia dirishani, nikirudi kwa kompyuta, nikiangalia dirishani tena. Karibu kila ukuta niliokuwa nauona nje ulikuwa umeanza kama barua ya mtu anayeuliza swali. Na siku zote nimekuwa nikilalamika kwamba Kitengela ni vumbi tu.

Majibu ya mzee ndiyo yalinimaliza kabisa. Hakuna salamu, hakuna tarehe, hakuna jina. "Mawe iko tayari. Kuja." "Lori imetoka. Fungua gate." Anaandika kama mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

Kazi ilienda vizuri. Nahamisha faili la mwaka mmoja, nahakikisha limefika, nahamisha la mwaka unaofuata. Nikaanza kujiamini, na mimi nikijiamini huwa natengeneza chai. Nikawa nashika kikombe kwa mkono mmoja na kuburuta faili kwa mkono mwingine. Ndipo faili la mwaka fulani wa zamani, lenye kila barua aliyotuma mzee mwaka huo, likaniponyoka njiani. Badala ya kuangukia kwenye diski, likaangukia kwenye kisanduku cha barua zinazongoja kutumwa.

Kompyuta haikuniuliza kitu. Iliandika tu pale chini, kwa herufi ndogo, kwamba inatuma. Nilibonyeza kila kinachobonyezeka. Nikachomoa waya wa umeme (ni laptop, ina betri). Nilipopata akili ya kukata mtandao, barua za mwaka mzima zilikuwa zimeshaenda kwa wenyewe, na kila moja imevaa tarehe ya leo.

Nikajituliza. Nikasema ni mambo ya kokoto tu, nani atasoma. Kisha simu ikaanza.

"Mnasema lori imetoka, nifungue gate?"

Nikamwambia afunge. Mwingine akasema yeye hajaagiza mawe tangu amalize kujenga, na sasa anaishi kwa mtoto wake Machakos. Nikaomba msamaha mpaka koo likakauka. Halafu akapiga pasta wangu.

"Mwende, tumefika Isinya na wanakwaya. Mwambie mzee tumechelewa kidogo, asianze kubariki."

"Kubariki nini, pasta?"

"Si mashine mpya? Ametualika." Akanisomea: "Leo saa saba, nyumbani Kajiado, nabariki mashine. Nyama iko. Kuja."

Mashine mpya. Hiyo ya mwaka ule, ya kupasua mawe, sasa iko nyuma ya ofisi, imeshika kutu, na kuku wa mlinzi wanatagia ndani.

Hapo hapo simu ya mzee ikaingia.

"Mwende."

"Naam mzee."

"Kuna watu kwa boma yangu."

"Ni wengi, mzee?"

"Kuja uone." Akakata.

Hiyo ndiyo sauti yake ya kila siku, kwa hivyo sikujua kama nimefutwa kazi au bado. Nikapanda lori letu lililokuwa linaelekea huko na mzigo. Dereva aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia naomba Mungu, na ilikuwa kweli.

Tulipokaribia boma nikachungulia dirishani. Magari yalikuwa yamepangana kutoka getini hadi barabarani. Kulikuwa na wakandarasi waliovaa suti, wenye maduka ya hardware, wanakwaya na sare zao, wazee wa ukoo na shuka zao. Mwenye nyumba wangu alikuwepo, amekalia kiti cha mbele. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakiitikia maneno machache hivyo. Nilisahau hata kuogopa kwa muda.

Mama Sein, mke wa mzee, alinipokea mlangoni mwa jikoni. Mbuzi walikuwa tayari wako motoni.

"Ni wewe umefanya hivi?"

"Ni mimi, mama. Ni makosa. Mbona hamkuwaambia tu ni makosa?"

"Mtu amefika kwangu amevaa vizuri namna hiyo, nimwambie yeye ni makosa?" Akanipa kisu. "Menya vitunguu."

Nikamenya. Kando yangu alikuwa ameketi mama mmoja mtulivu, anapanga sahani. Aliniambia anaitwa Mama Mutua, mumewe alikuwa mteja wetu wa kwanza kwanza, na alishafariki.

"Hiyo email ni yake. Iko kwa simu yangu, sikuwahi kuitoa. Leo nikaona jina lake limealikwa. Nikasema siwezi kunyamaza kana kwamba kwake hakuna mtu aliyebaki. Nikakuja niketi mahali pake."

Nilishukuru kwamba nilikuwa namenya vitunguu, kwa sababu machozi hayakuhitaji maelezo.

Sasa mjue jambo moja. Kwa Wamaasai, aliyewaita watu ndiye anayesimama mbele yao, anashika rungu, anasema amewaitia nini. Mzee Lemayian akasimama. Watu wakatulia.

"Mimi sijaita mtu," akasema. "Aliyewaita ni huyu."

Akanikabidhi rungu. Mimi, Mkamba wa watu, na aproni ya Mama Sein na mikono inanuka vitunguu.

"Takwenya," akanisalimu mzee aliyekuwa mkubwa kuliko wote.

"Iko," nikaitikia. (Hicho ndicho Kimaasai changu chote. Kilikuwa kimeisha.)

"Haya, tuambie umetuitia nini."

"Nilikuwa... nahifadhi barua pepe."

Mtu akatafsiri. Tafsiri ilikuwa ndefu kuliko nilichosema, na katikati niliona wazee wakigeuka kunitazama upya. Kisha yule mzee akauliza:

"Wewe unahifadhi kitu kwa kurushia watu?"

Boma lote likaangua kicheko. Wanakwaya walishikana mabega. Mwenye nyumba wangu alicheka mpaka kiti kikalia. Mimi nilibaki nimeshika rungu kama mwizi aliyekamatwa nalo.

Lakini yule mzee aliyeuliza hakucheka. Alingoja watu watulie.

"Hayo maneno ya Lemayian yalikuwa imekaa wapi miaka hiyo yote?"

"Kwa mashine fulani, mzee. Iko mbali. Hata mimi sijui ni wapi."

"Na hayakuoza."

"Hayakuoza."

Akawaambia wenzake kwa Kimaasai, polepole. Wazee wakaguna kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeyaita takataka, maneno yale. Yalikuwa yamelala hadi leo, yameamka na kuita watu, na watu wamekuja, hata kwa niaba ya aliyekufa. Mama Mutua alijifuta macho kwa leso. Mzee Lemayian akanigeukia.

"Mwende," akasema. "Iko barua imepotea?"

"Hapana mzee. Zote zimefika."

Wakacheka tena, na safari hii hata yeye alitabasamu.

"Basi Jumatatu kuja kazi."

Na kwa kuwa baraka zilikuwa tayari na mashine haikuwepo, wazee wakanibariki mimi. Walinirushia maziwa kwa nyasi, kichwani, juu ya nywele nilizosukwa jana tu. Nilisimama wima, na sijawahi kujisikia mdogo na mkubwa hivyo kwa wakati mmoja.

Nimefika nyumbani nikinuka maziwa na moshi, nikashukuru Mungu kwamba kazi bado iko. Nimevua viatu tu, mwenye nyumba wangu akaniandikia. Anasema amekaa vizuri sasa na kusoma zile barua nyingine. Kuna moja inasema: "Jumamosi ijayo naoa. Kuja." Anauliza kama Mama Sein anajua.

Mama Sein ndiye aliyeolewa Jumamosi hiyo ya zamani. Tafadhali, kama na wewe umeipata, usimwambie mtu, usije, na usicheke. Jumatatu bado haijafika.