Herufi Tisa za Shaba

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimefanya biashara ya mwaka. Duka la samani la mtaa wa juu limehama, na msimamizi alikuwa anang'oa bango. Herufi tisa za shaba, kila moja ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko: FURNITURE. Amekubali tubadilishane na feni yetu. Nimezisukuma kwa toroli hadi karakana yangu, mtaa mzima ukitazama.

Brashi, mchora mabango wa ng'ambo ya barabara, ameuliza kama kuna mtu anafungua duka la samani. Nimemjibu kwamba herufi si mali ya neno moja, zikipangwa upya zinasema lolote. Akasema lolote, ilimradi halina A. Wivu huo.

Mke wangu hajanisemesha tangu jioni. Anajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Jumanne, 4 Juni

Mteja amepatikana, tena wa nyumbani. Shemeji, mdogo wake mke wangu, anafungua saluni Jumamosi. Alitaka iitwe BEAUTY na alishaanza mazungumzo na Brashi. Nimemwahi. Nimemwambia rangi hubanduka, shaba haibanduki, na bango litakuwa zawadi yangu. Kuhusu jina, BEAUTY ni la kizamani, aniachie mimi. Akatoa masharti: liwe la Kiingereza, liwe fupi, na asiwe nalo mtu mwingine hapa mtaani.

Mke wangu amenisemesha. Amesema nikimwaibisha mdogo wake mbele ya mama yao, nitahamia karakana nikaishi na herufi zangu.

Jumatano, 5 Juni

Kutwa nzima na maneno. Kwenye simu ya mke wangu nimepata tovuti ya ajabu. Unaingiza herufi ulizonazo, inakutemea maneno yote ya Kiingereza yaliyomo. Yamemiminika zaidi ya mia. Kasoro moja: hayaji na maana. Nikatoa kamusi ya marehemu baba mkwe. Nayo inaishia T. Kurasa za mwisho zilitumika kuwashia mkaa zamani hizo.

RUIN. Tamu mdomoni. Kamusi inasema maangamizi. FRUIT. Watu wataingia kuulizia machungwa. FUTURE. Analo fundi cherehani wa mtaa wa pili. RETURN. Linanukia wateja waliorudi kulalamika.

Saa kumi alasiri nikalipata. Herufi tano tu. Linaanza na U, kwa hiyo kamusi haina la kusema, lakini masikio ninayo. Nimelitamka polepole mbele ya kioo. U-ri-ne. Kama jina la kike, mfano Irine. Kama manukato ya watu wenye nafasi zao.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji amelipenda. Amelirudia mara tatu, kila mara akitikisa nywele. Kisha akauliza maana yake. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema ni ule mng'ao wa ngozi baada ya kuoga. Akanishika mkono na kusema dada yake hakukosea kuolewa nami. Nitalikumbuka hilo.

Brashi alikuja akazikuta URINE zimepangwa sakafuni. Akasema hilo ni jina ambalo hakuna atakayelisahau, na kama nitahitaji ngazi, yake ipo. Nimeguswa sana. Huenda nimekuwa nikimwonea bure.

Mke wangu nimemzuia asilione mpaka siku yenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Bango limepigiliwa. Brashi alinishikia ngazi mwenyewe. Alikohoa mno, nadhani vumbi. Vijana wawili wa pikipiki walisimama wakapiga picha. Umaarufu ndivyo unavyoanza.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwa upande, maana mke wangu yuko chumba hiki hiki na ananitazama.

Mambo yalianza vizuri. Viti vipya, soda mezani, mama mkwe kakaa karibu na mlango kupokea wageni. Wa kwanza kuingia ni mzee mmoja mwenye chupa ndogo iliyofungwa kwa gazeti. Mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka mezani kando ya soda. Mzee akauliza majibu yatatoka saa ngapi. Mama mkwe akamwambia asiwe na wasiwasi, aketi kwanza apate kinywaji.

Hapo akaingia muuguzi wa zahanati ya jirani, amekuja kusukwa.

"Samahani dada," akamwambia shemeji, "hapa ni saluni au maabara?"

"Saluni. Kwani hukuona jina?"

"Nimeliona, ndiyo maana nauliza. Hilo ni mkojo."

Shemeji akamtazama mzee. Mzee akaitazama chupa. Mama mkwe akaitazama mikono yake.

"Shemeji," mwenye saluni akaniita kwa upole unaotisha. "Si ulisema ni mng'ao wa ngozi?"

"Baada ya kuoga," nikasema.

Akakaa kwenye kiti chake kipya na kuanza kulia. Kulia kweli, si kwa maonyesho. Miaka minne ameisubiri siku hii. Masikio yangu yaliwaka moto. Nilitaka kusema kitu, nikakosa hata neno moja, mimi niliyekuwa na zaidi ya mia.

Muuguzi ndiye aliyeuliza ni herufi gani nyingine ninazo. Nikamtajia zilizobaki: F, U, R, T. Akaandika kwenye kiganja, akafuta, akaandika tena.

"Toa I, ongeza hizo tatu, iache F. NURTURE. Maana yake kutunza, kulea."

Brashi alishafika na ngazi bila kuitwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu Alhamisi.

"Hukuniuliza," akasema.

Kufikia saa sita bango lilikuwa limebadilika na wateja wanne walikuwa wanangoja. Shemeji alimsuka muuguzi bure. Mzee tulimwelekeza zahanati pamoja na chupa yake. Mama mkwe bado ananawa.

Jumapili, 9 Juni

Nimeketi nimetafakari bila upendeleo. Kosa nimeliona. Nilitumia herufi tano nikabakiza nne. Bango lilipotumia saba, mambo yakanyooka. Kwa hiyo siri ni kuzimaliza zote.

Na bahati haijalala. Lile jumba la sinema lililofungwa linabomolewa, nami nimejipatia herufi zake sita, CINEMA, kwa kutoa meza ya kulia chakula. Jioni nikakutana na bwana mmoja mwenye kifua kama kabati. Anafungua ukumbi wa mazoezi ya kutunisha misuli na hana jina. Nikaingia kwenye tovuti. Neno limetoka linalotumia zote sita, halibakizi hata moja: ANEMIC.

Safari hii sikutegemea masikio peke yake, nimefanya utafiti. Neno hili hili niliwahi kuliona kwenye karatasi ya hospitali ya shangazi, lile juma alipolazwa akaongezewa chupa tatu za damu. Alitoka pale ana nguvu kama ng'ombe. Kwa hiyo ni neno la afya, tena lililothibitishwa na madaktari.

Nimemwambia bwana yule maana yake ni damu inayochemka. Amefurahi. Tunapigilia Jumatano.