Fomu ya Kusafisha Simu

Siku wadukuzi walipovunja ghala la data la serikali, serikali ilitoa tamko la mistari mitatu: haikusanyi habari za simu za wananchi, habari hizo zimeibwa, wananchi wasiwe na wasiwasi, kwa kuwa ziko salama. Mji mzima ulisoma tamko hilo kwenye simu, kisha ukaziangalia simu zenyewe kwa jicho la mke aliyekuta risiti ya hoteli mfukoni.

Mtu mmoja tu alitabasamu. Walimwita Mhandisi, ingawa kitu pekee alichowahi kukiunda maishani ni visingizio. Alikuwa saluni kwa dada yake, amejipumzisha chini ya mashine ya kukaushia nywele, ile yenye kofia kubwa kama sufuria, akisikiliza wateja.

"Wanakusikia hata ikiwa imezimwa," alisema mmoja.

"Mimi yangu nimeivisha soksi mbili."

"Soksi zinazuia nini, shoga?"

"Hazizuii. Lakini angalau na wao wapate harufu."

Wanawake wakacheka. Mhandisi hakucheka. Aliinua macho akaitazama ile kofia ya mashine, na kofia ikamtazama.

Siku ya tatu, nyuma ya pazia la saluni, kulikuwa na meza, foleni na kibao: KLINIKI YA SIMU. TUNAONDOA MASIKIO YA SERIKALI. Simu ilifungwa kwenye karatasi ya alumini, ikawekwa chini ya kofia dakika ishirini, ikatoka ya moto. Mteja aliishika akasema, "Ee, naisikia imekuwa nyepesi." Asichokijua ni kwamba kabla ya kuokwa, kila kilichokuwamo ndani kilikuwa kimeshanakiliwa kwenye simu ya Mhandisi.

Lakini ufundi haukuwa kwenye mashine. Ufundi ulikuwa kwenye fomu. Mhandisi alikuwa amewasoma watu wa mji huu. Waliambiwa wakasajili redio, wakapanga foleni. Wakaambiwa wasajili laini, wakapanga foleni. Wakaambiwa laini zile zile zisajiliwe upya kwa vidole vyote kumi, wakanawa mikono, wakapanga foleni. Kila mara waliambiwa ni kwa usalama wao, na kila mara aliyebaki salama alikuwa mwenye daftari. Watu waliofundishwa hivyo, ukiwawekea karatasi yenye mistari na muhuri, wanaulizia kalamu kabla hawajauliza swali.

Fomu ilitaka jina kamili, kazi, namba ya siri ya kufungulia simu, na "mambo usiyopenda serikali iyaone (tumia nyuma ya karatasi ikibidi)". Wengi walitumia nyuma ya karatasi.

Mwalimu mmoja wa hesabu alisita. "Namba ya siri ni ya nini?"

"Mzee wangu, nitamtoaje mwizi kwenye nyumba ambayo sina ufunguo wake?"

"Hapo kweli," alisema mwalimu, akaandika kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi akaja muuguzi, bado kavaa sare, kaikumbatia simu kama mtoto mwenye homa.

"Kaka, humu mna sauti. Isipotee, na asiisikie mtu."

"Dada yangu, mimi ni kama kaburi."

Kaburi likaenda pembeni, likavaa spika za masikio. Ilikuwa sauti ya Mganga Mkuu wa hospitali, tena wazi kabisa, akielekeza dawa za wodi ya watoto zitoke kwa mlango wa nyuma kabla ya mapambazuko, na kwenye vitabu iandikwe kwamba zimeharibika. Mhandisi aliirudia mara mbili. Kisha akampigia Mganga Mkuu kwa simu yake mwenyewe.

"Daktari, nina sauti yako hapa. Ukija Jumatatu saa nne, nakupa na jina la aliyeirekodi."

Ijumaa asubuhi Mganga Mkuu aliwakusanya wauguzi wote. "Kuna mtu ananiuzia sauti yangu mwenyewe," alisema kwa upole wa kutisha. "Jumatatu nitajua imetoka kwenye simu ya nani. Mwenye nayo aanze kuaga watoto wake."

Muuguzi alikimbia moja kwa moja kwa shangazi yake, aliyestaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kukaa masijala, akipokea na kufungua mafaili ya watu wengine.

"Ulimpa namba ya siri?" shangazi aliuliza.

"Kulikuwa na fomu, shangazi."

"Fomu."

"Ilikuwa na muhuri."

Shangazi alifumba macho kidogo, kama mtu anayepita karibu na jalala. Kisha akauliza, "Hiyo sauti, mnataka ifutwe au isikike?"

Muuguzi aliwafikiria watoto wa wodi namba tatu. "Isikike. Ila isiseme imetoka kwangu."

"Nitafutie koti langu la kijivu."

Jumamosi saa tatu, Mhandisi aliinua kichwa akamkuta mama mmoja mwenye koti la kijivu amekaa mbele yake bila kupanga foleni, na foleni nzima imempisha. Alikuwa na mkoba wa ngozi, kalamu nyekundu na karatasi za kaboni. Alichukua fomu moja, akaisoma yote. Hakuna mtu aliyewahi kuisoma yote.

"Muhuri huu ni wa chama cha wafuga kuku," alisema.

Jasho lilimtoka Mhandisi hadi kwenye viwiko. "Mama, hilo ni suala la mpito..."

"Si tatizo. Utapewa mwingine. Unajua simu za idara zote zimeingiliwa? Wakubwa hawalali. Wanatafuta msafishaji mmoja, mtu wa nje, asiye na makuu. Simu mia nne za kuanzia."

"Mia nne!"

"Za kuanzia. Wametaja jina lako."

Mhandisi akasahau jasho. Fikiria mwizi anayeombwa na benki aje alale ndani. "Natakiwa nini, mama?"

"Daftari lako na fomu zote, zikaguliwe. Simu unayofanyia kazi, ipekuliwe, na namba yake ya siri. Halafu ujaze hii, nakala tatu. Bonyeza kalamu, kaboni ni ya zamani."

Alikabidhi vyote, akajaza. Jina kamili, kazi, namba ya simu. Chini kulikuwa na maneno: Nathibitisha kuwa namba hii ni yangu, na haitumiwi na mtu mwingine yeyote.

"Hapo sahihi na dole gumba."

"Gumba la kulia?"

"Yote mawili. Tender ni kubwa."

Mama akagonga muhuri mara tatu, taratibu, bila kukosea, na mlio ule ukamwingia Mhandisi moyoni kama adhana. Akapewa nakala moja. "Jumatatu saa mbili, jengo la idara, ghorofa ya pili, kaa kwenye benchi. Wataitwa wanaokuhitaji."

Mchana ule fomu za mji mzima zilichomwa kwenye jiko la shangazi, na ile ya mwalimu wa hesabu, yenye mwandiko mzuri, ndiyo iliyowaka vizuri zaidi. Jumapili, kutoka kwenye simu ya Mhandisi, sauti ya Mganga Mkuu ilitumwa kwa kila namba iliyokuwamo, kuanzia fundi bomba hadi magazeti matatu. Kisha simu nayo ikavunjwa kwa mchi.

Jumatatu saa tatu Mganga Mkuu alikuwa tayari amepewa likizo ya ghafla, na wagonjwa walikuwa wanamsikiliza wodini kwa sauti ya juu. Kuhusu dawa, serikali iliunda kamati. Kuhusu aliyesambaza sauti, haikuhitaji kamati. Ilituma watu wawili wenye suti zinazofanana.

Walimkuta kwenye benchi la ghorofa ya pili, kanyoa ndevu, kavaa tai ya shemeji yake.

Mmoja akasoma namba kutoka kwenye karatasi, tarakimu moja moja. "Hii simu ni yako?"

Mhandisi akasimama kwa heshima.

"Ni yangu, mkuu."

"Huwa anaitumia mtu mwingine?"

"Hata siku moja!" alisema, uso ukimng'aa, akawanyooshea nakala yake yenye sahihi, muhuri na madole gumba yote mawili.