Askari Aliyesema Pole

Samli alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa mpaka masikioni, aliposikia habari iliyomfanya atabasamu ghafla. Povu likamwingia mdomoni.

Jina alilopewa na wazazi wake hatulijui, na hata mama yake, tungemuuliza, huenda angeomba muda wa kufikiri. Mjini walimwita Samli kwa sababu maneno yake yalikuwa yanateleza. Ukishayameza ndipo unakumbuka kwamba hukuwa na njaa.

Kinyozi alikuwa akimnyoa bila kioo. Ukutani palibaki msumari na alama ya mraba, safi kuliko ukuta wote.

"Wamekiiba," alisema kinyozi. "Kioo chote, kikubwa kama mlango. Wamekibeba mchana kweupe kama watu wanaohama."

"Ukapiga ripoti kituoni?" aliuliza Samli.

Kinyozi akacheka. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Jirani yake mwuza nyama, aliyekuja kuazima mkasi tu, alicheka mpaka akashikilia mlango, na wembe ukamlamba Samli shavuni.

"Ndugu yangu, wewe mgeni," alisema kinyozi akimfuta. "Kituoni kuna Afande Kesho. Ukimpelekea taarifa anasema njoo kesho. Ukija kesho, anasema ulitakiwa uje jana. Kalamu uje nayo. Karatasi uje nayo. Mwizi umkamate mwenyewe, umlete amefungwa, na kamba yako hairudi."

"Yangu iko huko mpaka leo," alisema mwuza nyama kwa uchungu. "Mwizi alishaachiwa. Kamba bado iko ndani."

Samli akafumba macho kama mtu anayesali. Watu wa mtaa mzima wana imani yao, aliwaza, na hawana pa kuiweka! Imani inazurura njiani kama kuku asiye na mwenyewe. Anayetakiwa ni mtu mwenye tundu.

*

Hatua ya kwanza ilikuwa sare. Akaenda kwa Bibi Fundi, aliyeshona kibarazani kwake kwa cherehani ya miguu. Bibi huyu alivaa miwani minene kama vitako vya chupa, na kila aliyekuja kupimwa alimtegea kitendawili, kwa sababu, alisema, mtu anayefikiri husimama wima.

"Naomba sare ya askari, bibi. Ni ya mchezo wa kuigiza. Mimi ndiye askari."

"Askari mwema au mbaya?"

"Mwema."

"Ahaa. Kumbe mchezo wenyewe wa kuchekesha." Akamzungushia utepe wa kupimia kifuani. "Hebu niachie koti lako, mjukuu wangu, nipate umbo la mabega."

Hapo Samli alisita. Koti lile alikuwa halivui hata kwenye joto. Ndani ya bitana yake alishonea pete na mikufu ya wajane wa miji mingi, akina mama waliompa kwa hiari na machozi. Ule ndio ulikuwa uzee wake. Akiongeza windo moja nono, alishajiahidi, ataacha kazi hii, atajenga nyumba yenye kibaraza mahali asipojulikana na mtu, na atakuwa mzee mwema anayewakanya vijana.

Akaitazama ile miwani. Bibi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na mara ya tatu alikuwa ametunga hewa.

"Chukua, bibi," alisema Samli. "Lakini bitana usiiguse. Nina mzio wa uzi mpya."

Hebu tunyamaze kidogo kwa heshima. Mtu mwenye akili zake timamu, aliyewauzia watu daraja na mvua, alificha dhahabu ndani ya bitana, kisha akampa koti fundi cherehani.

Sare ilipokuwa tayari, ilimkaa kama ngozi yake mwenyewe. Mabegani zilimetameta nyota, zimepangana kama mahindi kwenye gunzi.

"Si nyingi mno, bibi?"

"Vipande vilibaki. Sikutozi."

"Na koti langu?"

"Vifungo vimelegea. Lipe muda."

*

Kituo kilifunguliwa kwenye kibanda kilichokuwa duka la mafuta ya taa. Samli alikipaka rangi, akaweka meza na kiti, na nyuma yake akasimamisha kabati la chuma lenye kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto. Kisha akangoja imani ije tunduni.

Wa kwanza kuja alikuwa Bibi Fundi, akisema amepita tu kutazama mshono wake unavyokaa. Samli akasimama. Akampa kiti, akakipangusa vumbi.

"Pole kwa mwendo, bibi. Nikusaidie nini?"

Bibi alikaa, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akatoka, na muda si muda mtaa mzima ukawa mlangoni, wakichungulia kama watu waliosikia kuna ndama mwenye vichwa viwili.

"Ni kweli unasema pole?" aliuliza kinyozi.

"Pole sana, ndugu yangu."

Watu wakaguna kwa pamoja. Mwanamke mmoja akaomba amwambie na yeye, ingawa hakuwa na shida yoyote.

Samli akakohoa. "Wananchi! Usalama sasa umefika. Kila mwenye kitu cha thamani akilete hapa, kilale ndani ya chuma, na yeye alale usingizi."

Wakatazamana. Bibi Fundi ndiye aliyejibu. "Tutaleta, mjukuu wangu, mbona tutaleta! Kwanza kioo cha kinyozi kirudi."

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Samli alijiuliza kioo kile angekiuza wapi kama angekiiba yeye, akaenda huko, akakikuta kimetundikwa kwenye duka la vitu vikuukuu, kinamtazama. Alimwambia mwenye duka neno moja tu, "Kesi," huku akigeuza bega lenye nyota. Mchana huo alirudi amekibeba kichwani, na mtaa mzima ukajiona unapita.

Kinyozi alilia. Akaleta sanduku zito lililofungwa kwa waya. "Vitu vya marehemu baba," alisema kwa sauti ya chini.

Samli akalipokea kwa mikono miwili. Moyo ulikuwa unamrukaruka kama chura.

Lakini utamu una jino. Mwenye mgahawa alisema ataleta la kwake, ila anaogopa kufungua alfajiri peke yake. Basi Samli akawa anaamka na jogoo kuwasindikiza wanawake wanaofungua biashara. Fundi viatu alisema ataleta, ila kuna mbwa anawafukuza wanafunzi. Samli akaenda kuzungumza na mbwa, akarudi na suruali pungufu. Majirani wawili waliogombea mfereji walisema wataleta yote mawili siku watakayopatana, na Samli akashinda kutwa kwenye tope akiwapatanisha, huku kila mmoja akimpa mwenzake jina la mnyama.

Masanduku yaliingia, kila siku moja, mazito kwelikweli. Wezi nao wakahamia mitaa mingine, kwa kuwa waliona mtu mwenye nyota zote zile hawezi kuwa peke yake. Watoto wakacheza nje hadi magharibi. Watu wakaanza kuacha milango wazi ili upepo upite.

Siku moja akaambiwa sufuria imeibwa uani kwa mtu. Samli akaruka kutoka kitini. "Nani huyo mshenzi anaiba mtaani kwangu?" Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, akakaa chini taratibu, akajipima homa kwa kiganja.

Bibi Fundi pia alileta la kwake, kisanduku kidogo, akakiweka mezani. "Kitendawili."

"Tega, bibi."

"Nina mbwa wangu. Simlishi, simfungi, na usiku kucha analinda mfupa usio na nyama."

Samli akawaza. "Kufuli?"

"Hapana."

"Kivuli? Nzi? Afande Kesho?"

"Huyo halindi hata mfupa. Nipe mji."

"Chukua mtaa huu wote," alisema Samli kwa ukarimu, maana hakuna kitu anachokigawa mtu kwa furaha kama kisicho chake.

"Nimeuchukua," alisema bibi, akainuka. "Jibu nitakupa siku nyingine."

*

Angeweza kuondoka wiki ile. Lakini kulikuwa na sanduku la mwuza nyama, tajiri wa mtaa, na kila jioni mwuza nyama alisema, "Kesho, afande, Mungu akipenda." Samli akangoja. Akakonda. Soli za viatu zikabaki jina.

Hatimaye mwuza nyama akaja, anatembea kwa kuyumba, sanduku limemkunja mgongo. "Jasho la maisha yangu yote," alisema, akaligonga kwa upendo.

Siku iyo hiyo Bibi Fundi akamletea koti, limekunjwa vizuri. Samli akaipapasa bitana kwa siri. Imenona, imejaa, kama alivyoiacha. Nusura ambusu bibi wa watu.

Saa ya jua kali, wakati mtaa umejilaza vivulini, aliazima mkokoteni wa mwuza maji na kuupakia masanduku yote. Hakuna aliyemwuliza. Kinyozi alimpungia wembe. Mwenye mgahawa alimtakia safari njema, jambo ambalo lingemshtua kama angekuwa na nafasi ya kushtuka. Lakini kwenye kona alikutana uso kwa uso na mtu mnene mwenye sare ya kweli.

Alikuwa Afande Kesho. Kituoni kwake siku hizi hakuna aliyekuja, wala wa kuombwa kalamu, na upweke ulikuwa umemtoa nje.

Afande Kesho akatazama nyota. Akaanza kuzihesabu, akapotea katikati, akaanza upya. Kisha akabamiza visigino na kupiga saluti iliyoangusha kofia yake mwenyewe.

"Mkubwa! Hatukuambiwa unakuja!"

"Ndiyo maana nimekuja," alisema Samli. Maneno yalikuwa yameanza tena kuteleza. "Vielelezo hivi viende makao makuu. Sukuma mpaka stendi."

"Leo?" aliuliza Afande Kesho, kwa mazoea.

"Leo!"

Basi askari wa kweli akasukuma mkokoteni, jasho linamtoka kama mvua, na mwizi akatembea mbele, mikono nyuma. Waliowaona wanasema hawajawahi kuona kituo kikifanya kazi vizuri hivyo.

Stendi, basi lilikuwa linanguruma. Utingo akasema mzigo mzito hivyo haupandi bila kufunguliwa. Samli akacheka, akafungua la kinyozi kwanza. Mawe. Akafungua la mwenye mgahawa. Matofali yaliyovunjika. La fundi viatu lilikuwa na visigino vya zamani, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi kama peremende. Akalifikia la mwuza nyama. Akakivuta kifuniko, na nzi wote wa stendi wakaja kusalimia.

Mifupa. Mitupu, mikavu, imegugunwa ikatakata.

"Mkubwa," alinong'ona Afande Kesho, "hiki ni kielelezo cha mauaji ya nani?"

Samli alikuwa anapasua bitana ya koti kwa meno. Yakamwagika mabaki ya vitambaa: ya maua, ya mistari, na kipande kirefu cha kaki, ileile ya sare aliyovaa. Utingo akaomba nauli. Samli akamtazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini.

*

Alirudi mtaani kwa miguu, na Afande Kesho nyuma yake akisukuma mkokoteni, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Mtaa mzima ulikuwa umekaa kibarazani kwa Bibi Fundi, kama watu wanaongoja harusi.

"Karibu, mjukuu wangu," alisema bibi. "Mfupa umeuona?"

"Mmeniibia!" alifoka Samli. "Dhahabu yangu, bibi! Mimi niliwaamini!"

Kicheko kilichopigwa hapo kilimwamsha hata yule mbwa.

"Dhahabu iko salama," alisema Bibi Fundi. "Kila ukikumbuka pete moja ni ya nani, tutamrudishia mwenyewe."

"Mlijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Ulisimama ukanipa kiti, ukasema pole. Nikarudi nikawaambia: jamani, yule si askari."

"Mimi nikasema tumpige," alisema mwuza nyama.

"Nami nikasema tumlishe tamaa, tuone kama ataiweza kazi," alisema bibi. "Kioo kikarudi."

Afande Kesho, ambaye habari zilimfikia kwa kuchelewa kama kila kitu kingine, alidondosha mkokoteni. "Kumbe si mkubwa? Huyu ni mhalifu! Nimemsukumia mawe!" Akamkamata Samli ukosi. "Twende kituoni!"

Samli akafumba macho. Akaona chumba chenye giza, na ndani yake kamba ya mwuza nyama.

"Sawa, afande," alisema Bibi Fundi kwa upole. "Mchukue. Sisi tutakuja kuandika maelezo. Tuje lini?"

Afande Kesho akafungua mdomo. Alitazama jua, akatazama njia ndefu ya kurudi kituoni, akapapasa mfuko akakuta hana kalamu.

"Mleteni kesho," alisema.

"Umesikia, mjukuu wangu? Utakamatwa kesho. Leo bado una zamu, na mama wa mgahawa ana mgeni asiyetaka kulipa."

Samli akawatazama wote. Akanyoosha sare, akapangusa vumbi la nyota moja baada ya nyingine, akaenda.

Asubuhi walimpeleka kituoni kama ilivyoagizwa, kwa nidhamu kabisa, pamoja na kalamu, karatasi na kamba mpya. Afande Kesho akawaambia walitakiwa waje jana, basi waje kesho. Wamekwenda tena na tena. Mwaka umepita, mtaa haujaibiwa hata kijiko, na mhalifu mkubwa kuliko wote mjini bado anasubiri kukamatwa. Ukipita pale utamkuta mezani kwake. Atasimama, atakupangusia kiti, na ukimwuliza amekaa mtaani tangu lini, atakuambia kwa huzuni ya kweli kwamba yeye ni mpita njia tu, anaondoka kesho.